Kawa Juu ya Sahani: Korona Ilivyoiondoa Meza ya Kujipakulia Migori na Homa Bay

Kabla ya mwaka 2020, mgeni aliyeingia saa saba mchana katika hoteli ya kadiri mjini Homa Bay au Migori hakuhitaji kuonyeshwa njia ya chakula. Alifuata harufu. Mwisho wa ukumbi palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vyombo vya chuma king'aacho vimepangwa safu, kila kimoja na moto mdogo chini yake na mfuniko wa kuinuliwa kwa mkono. Palikuwa na wali na chapati, ugali wa mtama, mbuta wa kukaanga, ngege wa mchuzi, kuku wa kienyeji, osuga iliyopikwa kwa maziwa, na mwisho kabisa matunda yaliyokatwakatwa. Mgeni alichukua sahani, akaingia katika mstari, akainua mifuniko mmoja baada ya mwingine, akajipakulia apendacho kwa kadiri ya hamu yake. Wenye hoteli waliiita bufee. Wengi wetu tumezoea kuiita meza ya kujipakulia.

Hatuandiki haya kwa kutamani shibe ya zamani. Tunaandika kwa sababu meza ile ilipoondolewa, iliondoka na riziki za watu, hasa akina mama, na ikatulazimisha tuliobaki kujiuliza swali ambalo wazee wetu walikuwa na jawabu lake: mgeni apewe chakula kwa namna gani? Jamaa wengi wa Pwani wana ndugu kule Ziwani. Wako walioolewa huko, wako waliofuata biashara, na wako waliozaliwa huko katika jamii za Kiislamu za Kendu Bay, Homa Bay na Migori. Yaliyowapata wao yalitufikia sisi pia, na harusi moja ya Migori tutakayoisimulia hapa chini ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Meza ilikotoka

Desturi hii asili yake si kwetu. Waswidi tangu zamani wana karamu ambayo vyakula vingi hupangwa mezani na kila mtu akajichagulia. Katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika New York mwaka 1939, mkahawa wa Uswidi uliwaonyesha Wamarekani namna hiyo ya kula. Katika miaka ya 1940 hoteli moja ya kamari ya Las Vegas ikaichukua, ikawauzia wateja mlo wa kula hadi washibe kwa dola moja, kusudi wasitoke nje kutafuta chakula wakaacha kucheza. Hivyo meza iliyoanza kwa ukarimu ikageuzwa kuwa mtego wa biashara.

Kwetu Pwani iliingia kwa mlango wa hoteli za watalii. Vijana wetu wengi walijifunza upishi humo, nao wakarudi nyumbani na maarifa ya kupanga meza, kukata matunda na kuweka moto chini ya vyombo. Kule Ziwani ilienea baadaye, na sababu yake si watalii. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, miji ya Homa Bay na Migori ikawa makao makuu yenye mabunge yake, maofisa wake na mikutano yake isiyokwisha. Tena kaunti hizo mbili ni miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na Virusi vya Ukimwi nchini Kenya, kwa hiyo mashirika ya afya yalikuwa yakiita warsha huko mara kwa mara.

Warsha ya watu 60 yenye saa moja ya mapumziko haiwezi kungoja kila mmoja aagize chakula chake. Meza ya kujipakulia ilikuwa jawabu. Bei ilikuwa moja kwa kila kichwa, chakula kilipikwa mara moja, na wote walikula kwa muda mfupi. Mwenye hoteli alijua tangu asubuhi atanunua samaki wangapi na mboga mafungu mangapi. Kwa hiyo hoteli hizo hazikusimama juu ya msafiri mmoja mmoja anayepita njia ya Isebania. Zilisimama juu ya mkusanyiko wa watu, na mkusanyiko ndio ulioharamishwa na maradhi.

Mifuniko ilipofungwa

Tarehe 13 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Tarehe 22 Machi serikali ikaamuru mikahawa isikalishe watu, iuze tu chakula cha kubeba. Kuanzia tarehe 27 mwezi huohuo kukawa na kafyu ya nchi nzima, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Misikiti ilikuwa imekwisha kufungwa. Mombasa, Kilifi na Kwale zikazuiwa mwezi Aprili, mtu asiingie wala asitoke.

Mwishoni mwa Aprili mikahawa iliruhusiwa kufunguliwa tena kwa masharti: wahudumu wapimwe kwanza, meza zitenganishwe, watu wapimwe joto mlangoni na kunawa mikono. Mteja hakutakiwa tena kujipakulia; alitakiwa aketi na aletewe. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Sisi wa Mombasa tunakumbuka jinsi Mji wa Kale ulivyozingirwa tarehe 6 Mei, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, na mikahawa ya mitaa hiyo ikafungwa kabisa. Mwezi tuliozoea kufuturisha jamaa, jirani na mpita njia tuliufungulia saumu kila mtu ndani ya kuta zake.

Migori nayo ilikuwa na mtihani wake wa pekee. Tarehe 16 Mei 2020 mpaka wa Tanzania ulifungwa kwa watu, yakaachwa malori ya mizigo tu, na madereva wake wakatakiwa kupimwa. Isebania, mji unaoishi kwa kuvuka na kuvukiwa, ukapooza. Hoteli za Migori zilizokuwa zimepoteza warsha zikapoteza na wafanyabiashara wa Sirari, Tarime na Musoma.

Mwaka uliofuata, wengi wetu tulipokuwa tumeanza kupumua, kanda ya Ziwa ikapigwa na wimbi zito kuliko la kwanza. Tarehe 17 Juni 2021 serikali ilizitaja kaunti 13, Homa Bay na Migori zikiwamo, kuwa eneo la hatari. Kafyu ikarudishwa saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Ibada za pamoja zikasimamishwa kwa siku 30. Mazishi yakatakiwa yafanyike ndani ya saa 72 na kuhudhuriwa na watu wasiozidi 50. Harusi ikawekewa mpaka wa watu 30.

Waliosimama nyuma ya meza

Mtu akiona meza ya kujipakulia huona chakula. Haoni kwa urahisi mikono iliyokileta. Nyuma ya kila meza ya namna ile palikuwa na mama anayeamka usiku kwenda ufuoni kungoja mitumbwi, mama mwenye bustani ya osuga na kunde, binti anayesukuma chapati tangu alfajiri, mwoshaji vyombo, na kijana wa kubeba maji. Wengi wao hawakuwa na barua ya kazi. Walilipwa kwa siku, na siku ikiwa na warsha ndiyo iliyokuwa na mshahara.

Warsha zilipohamia katika simu na kompyuta, mkufunzi akabaki Nairobi na wanafunzi wake wakabaki majumbani. Mafunzo yakaendelea, lakini chakula cha mchana kikakosa mahali pa kuhamia. Hoteli iliyokuwa ikiita akina mama kumi na wawili ikaita watatu. Mama wa samaki akalazimika kuwauza barabarani kabla ya saa ya kafyu, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa samaki hangoji kesho.

Pana jambo jingine ambalo hatukulijua mpaka jamaa zetu waliofanya kazi hiyo walipotueleza. Chakula cha bufee hupikwa kwa kuzidishwa, kwani meza ikionyesha chombo kitupu wageni hunung'unika. Kilichobaki katika vyombo, kabla hakijaguswa na sahani ya mtu, kiligawiwa mlinzi wa lango, mfagiaji, na watoto wa wahudumu. Sahani zilipoanza kuhesabiwa na kuletwa moja moja, hesabu ikawa kamili na mabaki yakaisha. Mwenye hoteli alipunguza hasara yake, na israfu ikapungua kweli. Lakini mlinzi wa lango akarudi nyumbani mikono mitupu. Tunayasema haya ili tusije tukaisifu sahani ya kuhesabiwa kana kwamba haina anayeumia.

Watu thelathini

Mwanzoni mwa Julai 2021 binti ya shangazi yetu alikuwa aolewe Migori. Mipango ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa Machi. Ukumbi wa hoteli moja ya mjini ulikuwa umelipiwa arbuni, na makubaliano yalikuwa meza mbili za kujipakulia, ya wanaume na ya wanawake, kwa wageni 300. Palikuwa pawe na pilau ya Pwani upande mmoja na samaki wa Ziwani upande wa pili, ili mahari ya jamaa mbili yaonekane hata mezani.

Kisha likaja tangazo la Juni. Katika wiki hiyohiyo shemeji wa shangazi, mzee aliyekuwa amempokea bibi harusi mikononi siku alipozaliwa, alishikwa na kifua akafariki hospitalini. Alizikwa siku ileile, kama ilivyo ada yetu, na walioruhusiwa kaburini walikuwa wachache. Hitima yake ilisomwa na watu wa nyumbani tu.

Baada ya siku chache jamaa waliketi, wengine barazani kwa shangazi na sisi wa Mombasa kwa simu. Ami yetu ndiye aliyeanza.

"Dada, tungoje. Mwaka ukigeuka tutafanya harusi ya haki. Watu thelathini si harusi, ni kikao."

"Kaka, ndoa ni wali na mashahidi," shangazi akamjibu. "Haikusemwa popote kuwa ni watu mia tatu."

"Basi tuwaalike mia, wale kwa zamu. Chakula hakiambukizi. Daktari alisema redioni."

"Chakula hakiambukizi, lakini wanaokizunguka je? Juzi nimetoka kuzika. Sitaki kumzika mtu mwingine kwa pilau ya mwanangu."

Hapakuwa na la kuongeza. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: kuchagua thelathini. Shangazi aliandika majina kwenye daftari, akayafuta, akayaandika tena. Akimweka mjomba wa Kendu Bay ilimbidi amtoe jirani wa miaka ishirini. Nyanya yetu mwenyewe, kwa umri wake, alikatazwa na wajukuu asije, naye akanuna siku mbili. Hoteli ilirudisha nusu ya arbuni, na nusu ikapotea. Sisi wa Pwani hatukusafiri hata mmoja. Tuliishuhudia ndoa kupitia simu iliyoegemezwa kwenye mtungi.

Lakini usiku mmoja kabla ya shughuli, shangazi aliamua jambo lililobadili kila kitu. Kama wageni hawawezi kuifuata meza, alisema, basi meza iwafuate wageni. Akazitafuta sahani za nyumba tano, akawaita wapishi sita badala ya ishirini, akawapanga uani chini ya mwembe, kila mmoja na kazi yake na umbali wake. Mmoja tu ndiye aliyepewa upawa. Huyo mmoja alinawa mbele ya wote, akajifunga barakoa, akapakua sahani baada ya sahani: pilau, kachumbari, kipande cha nyama, na kipande cha mbuta pembeni. Kila sahani ikafunikwa. Za watu wazima wa heshima zilifunikwa kwa makawa ya ukindu ambayo mama zetu walimpelekea shangazi alipoolewa yeye mwenyewe, na nyingine zikafungwa kwa leso safi.

Akad ilisomwa sebuleni baada ya adhuhuri. Ilipofika saa tisa vijana wanne wa bodaboda walikuwa wamejipanga langoni, na kila mmoja alipewa mtaa wake. Walizunguka mji mzima na vitongoji vyake, wakirudi na kutoka tena, mpaka saa kumi na mbili na nusu, nusu saa kabla ya kafyu. Sahani zilizotoka siku hiyo zilipita mia mbili.

Je, upawa ulikuwa na hatia?

Ubishi wa ami na shangazi ulikuwa ubishi wa dunia nzima, na inafaa tuutazame kwa ilimu na wala si kwa hofu.

Mwezi Mei 2020 shirika la utangazaji la Japani, NHK, pamoja na wataalamu wa kinga ya maambukizi, walifanya jaribio. Watu kumi waliingizwa katika chumba kilichopangwa mfano wa meza ya kujipakulia ya melini. Mmoja wao alipakwa viganjani rangi isiyoonekana kwa macho ila kwa taa maalumu. Wakaachwa wajipakulie na kula kama kawaida. Baada ya nusu saa taa ilipowashwa, rangi ilionekana mikononi mwa wote, na watatu walikuwa nayo hata usoni. Ilikuwa imepita kwenye mifuniko, kwenye miko na kwenye makoleo, vitu ambavyo kila mkono hulazimika kuvishika.

Jaribio hilo lilienea duniani na likaogopesha wengi. Lilikuwa la kweli, lakini lilionyesha njia ya rangi, halikupima njia ya maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kusema mwezi Aprili mwaka huohuo kwamba ni vigumu sana mtu kupata Korona kutokana na chakula chenyewe au kifungashio chake. Kadiri utafiti ulivyoendelea, ikadhihirika kuwa ugonjwa huu hupita zaidi katika pumzi: matone na hewa ya chumba kisichopitisha upepo, penye watu waliosongamana wakizungumza bila barakoa. Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilikadiria kuwa kugusa kitu chenye virusi huambukiza, kwa jumla, chini ya mara moja katika mara 10,000.

Basi ami alikuwa na haki aliposema chakula hakiambukizi, na shangazi alikuwa na haki zaidi aliposema wanaokizunguka huambukizana. Hatari kubwa ya meza ile ilikuwa mstari uliosimama mbele yake, watu bega kwa bega, kila mmoja akiongea juu ya chakula na kumpumulia wa mbele. Kukataza upawa wa pamoja huku watu 100 wamefungiwa ukumbini ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Hata hivyo hatuwezi kuupa upawa msamaha wote. Yako maradhi ambayo mkono usionawiwa ni njia yake mojawapo, na kipindupindu ni mmoja wao, ambacho watu wa Ziwani na wa Pwani wamekijua mara nyingi. Anayenawa kwa hofu ya Korona amejikinga na hayo pia. Kinga ni bora kuliko tiba.

Kwingineko meza hizo zilianguka. Marekani, kampuni moja ya mikahawa ya saladi iliyoanza mwaka 1978, iliyojulikana kwa majina ya Souplantation na Sweet Tomatoes, ilitangaza Mei 2020 kuwa inafunga mikahawa yake yote 97, na watu 4,400 wakapoteza kazi. Kampuni yenye maelfu ya watumishi ilishindwa kungoja. Hapo ndipo tunapaswa kuwastaajabia akina mama wa Homa Bay na Migori ambao hawakuwa na akiba wala bima, na bado wengi wao walitafuta njia. Wako waliofungua vibanda vya kuuza chakula cha kubeba. Wako waliokaanga omena na kuwafunga vipimo vidogo vidogo. Wako waliopika nyumbani na kumtuma bodaboda.

Tulichosahau na tulichokumbushwa

Kafyu iliondolewa nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Mikutano ikarudi, warsha zikarudi, na meza za kujipakulia zikarudi nazo, lakini si zote na si kwa sura ileile. Siku hizi katika hoteli nyingi utamkuta mhudumu amesimama nyuma ya vyombo, yeye ndiye mwenye upawa, nawe unamwonyesha utakacho. Watu huona ni jambo jipya. Sisi tunaona ni la kale limerudi.

Kwani katika shughuli za mababu zetu, ni nani aliyejipakulia? Mgeni aliketi mkekani, akaletewa birika na tasa akanawa, kisha sinia ikaja imekwisha kupakuliwa na mtu aliyejua ni wangapi wataila. Tulifundishwa utotoni adabu zake: kunawa, kuanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako na kutotembeza mkono, kutopuliza chakula, kufunika vyombo. Tulizishika kama adabu za dini bila kuuliza, na ulipokuja ugonjwa tukaona kuwa nyingi kati ya hizo ni kinga vilevile.

Meza ya kujipakulia ilitupa uhuru wa kuchagua, na hilo ni jema kwa mgonjwa wa sukari anayeukwepa wali, au kwa Muislamu aliye ugenini asiyejua nyama imechinjwaje. Lakini macho hayana pazia. Mtu hujaza sahani kwa macho, tumbo likashindwa, na chakula kikatupwa. Hapo palipo na anayepakua, pana anayepima. Na palipo na anayepima lazima pawe na uadilifu, kwa sababu upawa ulio mkononi mwa mmoja unaweza kumpa tajiri paja na maskini shingo. Huo ndio ubaya wa upande wa pili, nao tusiufumbie macho.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa jamaa zinazopanga walima, hitima na futari ni huu. Kama mnapenda meza ya kujipakulia, ipangeni uani au mahali penye upepo, badala ya ukumbi uliofungwa madirisha. Wekeni maji na sabuni kabla ya meza, watu wanawe kwanza ndipo washike sahani. Wekeni mtu mmoja mwadilifu kwa kila chombo ashike upawa yeye. Sahani ziwe ndogo, na atakaye aongezewe. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani bila kuona haya, nanyi mpelekeeni chake. Na kabla mgeni wa kwanza hajala, tengeni chakula cha mlinzi, cha mwoshaji vyombo na cha watoto wa jirani, kisingoje mabaki.

Tunamalizia tulikoanzia, Migori. Asubuhi ya pili baada ya harusi, shangazi alifungua lango akitazamia kuanza kazi ya kuzunguka mitaa kukusanya sahani za watu. Hakulazimika. Zilikuwa zikirudi zenyewe, kwa mikono ya watoto na kwa bodaboda, na karibu zote hazikurudi tupu, ingawa wengi wa majirani wale si Waislamu na hakuna aliyewafundisha desturi yetu ya kutorudisha sahani tupu. Moja ilikuwa na njugu, nyingine na mayai, nyingine na viazi vitamu vya Kabondo, nyingine na omena wakavu waliofungwa katika gazeti. Mmoja alitia sukari na karatasi ndogo ya kumwombea heri bibi harusi.

Shangazi alitupigia simu akilia na kucheka. Alituambia kuwa katika ukumbi ule wa watu mia tatu angewaona wageni wake migongo, wamejipanga mstarini. Lakini sasa amewajua mmoja mmoja, kwa sahani zao. Kawa moja halikurudi mpaka leo. Anasema hana haja ya kuliuliza, maana anajua liko juu ya chakula cha mtu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika maradhi yale, awafungulie riziki waliofungiwa, na azitie baraka meza za nyumba zenu, za kujipakulia na za kupakuliwa. Amin.